Barua Nayo Hupiga Hodi

Mzee mmoja wa kijiji kilicho jirani na chetu alijifunza kusoma na kuandika akiwa tayari ana wajukuu. Alisoma kisomo cha watu wazima chini ya mwembe, yeye pamoja na mke wake. Katika kusoma, mke wake alimshinda. Katika kuandika, yeye alimshinda mke wake.

Mwaka mmoja, mvua zilipokwisha, ndama wake walianza kuugua. Matezi ya chini ya masikio yalivimba. Miili yao ilichemka kwa homa. Waliacha kunyonya, wakapumua kwa shida, na mapovu yakatoka puani. Wafugaji mnaujua ugonjwa huu. Ni ndigana kali, nao huletwa na kupe. Ndama asipotibiwa mapema, mara nyingi hufa katika muda wa wiki chache.

Bwana mifugo alikaa mbali, makao makuu ya tarafa. Mzee akasema, "Mimi sasa najua kuandika. Kwa nini nitembee? Nitapeleka barua."

Akaketi, akaandika barua yake ya kwanza kwa mtu wa serikali. Ilijaa kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa ni salamu. Alimsalimu bwana mifugo, akamsalimu mke wake, akawasalimu watoto wote ingawa hakujua kama wapo. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe ni mzima, ila mafua kidogo. Ukurasa wa pili aliishukuru serikali kwa kisomo, akaeleza habari za mvua na mahindi. Ukurasa wa tatu, mstari wa chini kabisa, aliandika kwamba ndama wanakufa, bwana mifugo aje upesi. Kisha akamaliza: "Ni mimi, mzee wenu."

Hakuandika jina lake. Hakuandika jina la kijiji.

Barua ilifika salama. Bwana mifugo aliisoma yote. Alijua kwamba mahali fulani ndama wanakufa, lakini hakujua ni wapi. Aliulizauliza watu siku za gulio mpaka akampata mtu aliyemfahamu mzee. Alipofika kijijini, ndama wanne walikuwa wamekwisha kufa.

Mzee husimulia habari hii mwenyewe, wala haoni haya. Husema, "Barua yangu ilikuwa na adabu nyingi sana. Lakini haikupiga hodi."

Ndugu msomaji, maneno ya mzee huyu nimeyafikiri sana. Leo nataka tuzungumze juu ya utangulizi, yaani yale maneno yanayotangulia kabla ya jambo lenyewe. Tunayatumia kila siku mlangoni, mkutanoni, katika barua na katika vitabu. Mtu akiyakosea anaweza kukosa dawa, akakosa haki yake, au akapoteza fedha.

MLANGONI

Sote tulijifunza utangulizi kabla ya kujua herufi hata moja. Ukifika nyumbani kwa mtu huingii tu. Unasimama nje, unaita, "Hodi!" Ukinyamaziwa, unaita tena. Waislamu hufundishwa kuomba ruhusa mara tatu, na wasipojibiwa warudi. Desturi hiyo imeenea, na hata asiye Mwislamu akiita mara tatu bila jibu hujiondokea.

Mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Sasa angalia jambo hili. Watu wengi hujibu, "Ni mimi." Jibu hilo halimsaidii mwenye nyumba hata kidogo. Kila mtu ni "mimi". Basi huulizwa tena, "Wewe nani?" Ndipo mgeni anapotaja jina, au anaposema yeye ni mtoto wa fulani wa ng'ambo ya mto. Mlango unafunguliwa.

Mzee wetu alipoandika "Ni mimi, mzee wenu," alifanya kosa hilo hilo. Tofauti ni kwamba mlangoni unaweza kuulizwa mara ya pili. Karatasi haiulizwi. Ikisahau kusema jambo, imesahau.

Mgeni akiisha kukaribishwa, salamu hufuata. Mdogo humwamkia mkubwa, "Shikamoo," naye huitikia, "Marahaba." Usukumani asubuhi utasikia "Mwangaluka." Huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Mgeni hupewa kiti, pengine na maji ya kunywa. Baada ya hapo mwenyeji husema, "Haya, lete habari."

Vijana wengine huona kwamba huko ni kupoteza wakati. Mimi sikubaliani nao. Katika salamu zile mwenyeji anapata kujua mambo mengi. Anajua mgeni ametoka wapi, amekuja kwa heri au kwa shari, ana msiba au ana furaha. Hata kabila la mgeni linaweza kubadili mazungumzo. Mhehe akijitambulisha kwa Mngoni, utani unaanza hapo hapo. Babu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, na wajukuu wao leo ni watani wanaozikana na kuchekana. Mtani anaweza kukwambia neno ambalo mtu mwingine akikwambia mtagombana. Lakini ni lazima kwanza ajulikane kuwa ni mtani.

Basi mwenye nyumba anataka kujua mambo matatu. Wewe ni nani? Umetoka wapi, au umetumwa na nani? Unataka nini? Mgeni akiyajibu hayo, amekwisha jitambulisha. Akiyaacha, hata akae kutwa nzima akisifia mahindi ya mwenyeji, bado ni mtu asiyejulikana.

MSHENGA

Yako mambo makubwa ambayo mtu hawezi kujitambulisha mwenyewe. Ni lazima atambulishwe. Kuoa ni jambo mojawapo.

Kwa watu wa pwani, na siku hizi karibu kila mahali, kijana akitaka kuposa haendi mwenyewe. Hutumwa mshenga, mtu mzima mwenye heshima zake. Hupeleka barua ya posa, na mara nyingi barua hiyo hufungwa katika kitambaa kizuri pamoja na fedha kidogo. Wakifika hawasemi mara moja, "Tunamtaka binti yenu." Husema kwamba walikuwa wanapita njia, wakaona ua zuri katika bustani ya nyumba hii. Wenyeji nao hujifanya hawaelewi. "Maua yetu ni mengi. Mnasema lipi?" Watu hucheka, chai inakuja, mafumbo yanaendelea.

Mtoto anayesikiliza nyuma ya pazia hufikiri wazee wanacheza. Wazee hawachezi. Wakati ule wanapima. Watu hawa wanajua kuzungumza? Wametoka katika ukoo gani? Tukiwapa mtoto wetu, tukipatwa na jambo tutamwita nani? Hilo swali la mwisho lina jibu: ataitwa mshenga. Nyumba ikiingia ugomvi, mshenga huamshwa hata usiku wa manane.

Ndiyo maana mtu mwenye akili hakubali ushenga kwa kijana asiyemjua. Anayemtambulisha mwenzake ameweka jina lake mwenyewe mbele za watu. Yule aliyetambulishwa akiharibu, majina mawili yanaharibika. Nanyi mnaoombwa kila siku, "Nitambulishe dukani kwa fulani nikope," kumbukeni hayo.

MEZA KUU

Juu ya mikutano nitasema machache, maana wenyewe mnayajua. Mgeni wa wilaya akija, ni haki atambulishwe. Wananchi wana haki ya kujua anayesema nao ni nani na ana kazi gani. Lakini hapa nasema wazi kwamba tumezidi. Mwenyekiti humtambulisha mgeni. Mgeni naye hutambulisha aliofuatana nao. Kila anayetajwa husimama, hupunga mkono, na huona ni lazima aseme "mawili matatu". Jua limefika utosini. Akina mama wenye watoto wachanga wanaanza kuondoka. Mkutano uliitwa kwa ajili ya kisima, na kisima kinafikiwa wakati watu wamebaki robo.

Jina, kazi, mahali anapotoka. Basi. Mgeni mwenyewe atashukuru.

BARUA YA UTAMBULISHO

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoumia.

Ukiwa kijijini kwako, uso wako ni barua tosha. Kila mtu anakujua. Ukitoka nje ya kijiji, hakuna anayekujua. Ndipo inapohitajika karatasi ikusemee. Tangu miaka ya 1960 mtu wa kwanza kumtambulisha mwanakijiji alikuwa balozi wa nyumba kumi, katika mpango ulioanzishwa wakati wa TANU. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992. Barua za kiserikali sasa ni kazi ya serikali ya kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji anakufahamu, na afisa mtendaji wa kijiji anaandika na kupiga muhuri.

Barua hiyo hutakiwa katika mambo mengi. Benki inaweza kuitaka unapofungua akaunti. Ndugu yako akikamatwa, nawe ukaenda kumwekea dhamana, utaulizwa barua inayoonyesha unakaa wapi. Ukihamia kijiji kingine, ni vizuri ufike na barua kutoka ulikotoka. Mjane au yatima anayefungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo huenda na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya kijiji humsaidia ajulikane yeye ni nani kwa marehemu.

Nilipata kumwona mama mmoja mjane katika ofisi moja ya mjini. Alikuwa amesafiri kwa basi tangu alfajiri. Nauli aliipata kwa kuuza kuku wake. Alikuja kufuatilia haki za marehemu mumewe. Alitoa barua yake katika kitambaa alichoifungia, akampa karani kwa mikono miwili. Karani akaisoma. Ilikuwa na mstari mmoja tu: "Mleta barua hii ni mkazi wetu, tunaomba asaidiwe."

Asaidiwe nini? Barua haikusema. Jina la mama halikuwemo. Jina la marehemu halikuwemo. Haikueleza kama yeye ni mke, au dada, au jirani. Karani akamrudishia. Akamwambia kwa upole aende akalete nyingine. Mama akatoka, akakaa kwenye ngazi za ofisi. Kuku walikuwa wamekwisha.

Nilizungumza naye. Nikamwuliza kama anajua kusoma. Akasema anajua, amepata hata cheti cha kisomo. "Mbona basi hukuisoma barua kabla ya kuondoka kijijini?" Akaniangalia kwa mshangao. "Barua ya mkubwa, mwanangu, mimi niifungue niisome?"

Mama zangu na baba zangu, isomeni! Ikiwa haikufungwa katika bahasha yenye lakiri, na inakuhusu wewe, isome pale pale mbele ya aliyeiandika. Huko si kukosa adabu. Mwandishi ni mtu, na mtu husahau. Kama kuna kosa, mwambie papo hapo wakati muhuri uko mezani. Kosa likijulikana mjini, dawa yake ni nauli nyingine.

Katika barua hiyo tafuta kwanza jina lako kamili. Liangalie herufi kwa herufi. Kama cheti chako kinasema Maria na barua inasema Mariamu, sisi kijijini tunajua ni mtu mmoja. Karani wa mjini hajui. Kwake ni watu wawili, na mmoja wao huenda ni mwizi. Kisha angalia kitongoji, kijiji, kata na wilaya. Angalia kama imeelezwa unapelekwa wapi na kwa shida gani. Kama ni mirathi, marehemu atajwe jina, na uhusiano wako naye utajwe kwa neno moja wazi: mke, mume, mtoto. Mwisho ni tarehe, jina la aliyeandika, cheo chake, sahihi yake na muhuri. Ukitozwa ada yoyote, dai stakabadhi.

Nanyi viongozi wa vijiji mnaosoma gazeti hili, msiandike "asaidiwe" mkaishia hapo. Na msimwandikie msiyemjua. Barua yenye muhuri wa kijiji ni sawa na kijiji kizima kusimama mbele ya karani na kusema, "Huyu ni wetu." Mkiigawa ovyo kwa watu wapita njia, siku moja yule mama mwenye haki atapeleka barua ya kweli na hataaminiwa.

ASIYEPIGA HODI

Siku hizi wako wageni wanaoingia nyumbani bila kufika mlangoni. Wanaingia kwa simu.

Pengine nawe umepata ujumbe wa maandishi unaosema, "Ile hela itume kwenye namba hii." Watu wengi nchini wameupata. Ujumbe huo hauna salamu. Hauna jina. Hausemi ni hela gani. Mwandishi wake hakusahau utangulizi. Aliuacha kwa makusudi. Anajua kwamba miongoni mwa watu wengi atakaowapelekea, atakuwapo mmoja ambaye siku hiyo kweli ana hela ya kumtumia mtu, ada ya mtoto au deni la mbolea. Huyo atajaza utangulizi mwenyewe kichwani mwake. Atasema, "Huyu ni fulani, amebadili namba." Atatuma.

Wewe fanya kama mwenye nyumba aliyesikia mtu gizani akisema, "Ni mimi." Usifungue. Mpigie yule unayemdai au anayekudai kwa namba yake ya zamani, usikie sauti yake. Na mtu akija kijijini akisema ametumwa na shirika au na ofisi fulani kukusanya michango, mwulize barua. Soma tarehe. Tazama muhuri. Mpeleke kwa mtendaji. Mgeni wa kweli hachukii kuulizwa, kwa sababu hata yeye nyumbani kwake huuliza.

UTANGULIZI WA KITABU

Wengi wenu mmeanza kusoma vitabu. Mtakuta kurasa za mwanzo zimeandikwa "Dibaji" au "Utangulizi". Wasomaji wapya wengi huziruka kurasa hizo. Hufikiri hazina kitu. Hata mimi zamani nilikuwa nikiziruka.

Dibaji mara nyingi huandikwa na mtu mwingine anayemtambulisha mwandishi, kama mshenga. Wakati mwingine huandikwa na mwandishi mwenyewe. Utangulizi nao hukueleza kitabu kinahusu nini, kimeandikwa kwa ajili ya nani na kwa sababu gani. Ukinunua kitabu cha ufugaji wa kuku, soma utangulizi ukiwa bado dukani. Huenda kitabu kile ni cha wenye mabanda makubwa ya kuku wa kisasa, na wewe una kuku sita wanaolala jikoni. Kurasa mbili zile zingekuokolea fedha zako.

Hata sheria kubwa ya nchi haianzi bila hodi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 huanza na utangulizi. Unaeleza kwamba wanaosema ni wananchi wenyewe, na kwamba nchi yao wameamua kuijenga juu ya misingi ya uhuru, haki, udugu na amani. Ibara zenye namba hufuata baadaye. Msomaji anajulishwa kwanza ni nani anasema.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mama mmoja wa zamani. Jina lake Mwana Kupona. Aliishi Siyu, katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya pwani ya Kenya. Mumewe alikuwa mtawala wa Siyu, naye alifariki mwaka 1856. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona alitunga utenzi wa beti zipatazo mia moja kwa ajili ya binti yake. Ni wosia juu ya maisha, dini na ndoa. Alifariki karibu mwaka 1860, na utenzi wake unasomwa mpaka leo.

Angalia alivyoanza. Kwanza alimwita binti yake asogee karibu asikilize wosia. Kisha akamwambia kwamba maradhi yamemshika, na sasa umetimia mwaka mzima. Akamtaka aketi, achukue wino na karatasi. Baada ya hayo akamtaja Mungu na Mtume, ndipo akaingia katika mafundisho.

Katika beti chache msomaji amejua yote. Anayesema ni mama. Anayeambiwa ni binti. Mama ni mgonjwa, huenda siku zake si nyingi, kwa hiyo maneno haya hayawezi kungoja. Ukiisha kuyajua hayo, kila shauri linalofuata lina uzito mwingine. Yako mafundisho ndani ya utenzi ule ambayo wake wa leo hawatayakubali yote, na mimi siwalaumu. Lakini hakuna asomaye mwanzo ule akaufunga utenzi asijue mama yule alikuwa na haja gani.

Naye hakuzungukazunguka. Maradhi aliyataja karibu na mwanzo kabisa. Hakuyaweka ukurasa wa tatu, mstari wa chini.

BARUA YA SHIDA

Sasa tuirudie barua ya mzee wetu.

Barua za nyumbani ziwe na salamu nyingi, hakuna ubaya. Kwa ndugu aliye mbali salamu zenyewe ndizo barua. Mama akisoma "mimi huku sijambo", amekwisha pata alichokitaka hata kama hukuandika neno jingine. Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walimsifu kwanza wanayemwandikia, wakamwombea kwa Mungu, ndipo wakasema "ama baada", yaani sasa tuingie katika habari yenyewe. Sisi nasi huandika "baada ya salamu". Neno hilo ni kama kizingiti cha mlango. Ukilivuka umeingia ndani.

Barua ya ofisi ina hodi ya namna nyingine. Juu, upande wa kulia, andika jina lako na anwani yako, na chini yake tarehe. Upande wa kushoto andika cheo na anwani ya unayemwandikia. Kama barua inapaswa kupita kwa mtendaji wa kijiji, andika "Kupitia kwa" na cheo chake. Kisha andika "Ndugu". Chini yake huja mstari mmoja ulioanza na herufi "YAH". Wengi huuliza maana yake. Ni kifupi cha "yahusu". Baada yake unataja jambo lenyewe kwa maneno machache: ugonjwa wa ndama, ubovu wa kisima, ombi la mkopo. Mstari huo hupigwa kistari chini. Karani mwenye barua nyingi mezani hutazama mstari huo kwanza.

Wengine huanza barua, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu," kwa sababu wameona wenzao wanafanya hivyo. Si dhambi. Lakini maneno hayo hayamwambii mtu kitu. Afadhali uanze kwa kusema wewe ni nani na una shida gani.

Ndivyo mzee alivyofanya mara ya pili. Maana iko mara ya pili. Mwaka uliofuata kupe walizidi tena. Josho la kijiji lilikuwa halina dawa, na ndama mmoja akavimba matezi. Mke wake, yule aliyemshinda kusoma, alimwambia, "Safari hii utaniandikia mimi kwanza. Nikielewa mimi, na yeye ataelewa." Akaandika. Mke akasoma, akauliza, "Kijiji gani?" Akaongeza. "Ndama wangapi?" Akaongeza. "Tangu lini?" Akaongeza. Salamu za watoto mke akazikata zote kwa kalamu, ingawa mzee alinung'unika.

Mwisho barua ilikuwa fupi kuliko kiganja. Juu kulia kulikuwa na jina lake, kitongoji, kijiji na tarehe. Katikati iliandikwa YAH: NDAMA MGONJWA NA JOSHO LISILO NA DAWA. Chini yake aliandika kwamba yeye ni mfugaji mwenye ng'ombe kumi na mmoja, kwamba ndama mmoja ana matezi na homa tangu juzi, kwamba josho halina dawa, na kwamba anaomba bwana mifugo aje, nyumba yake iko baada ya kanisa, penye mkuyu. Akamkabidhi kijana mwenye baiskeli.

Bwana mifugo alifika siku ya pili yake, na mkoba wa dawa begani. Hakuuliza njia kwa mtu. Aliufuata mkuyu. Alisimama nje ya boma, akapiga hodi.

"Nani?" mzee akauliza kutoka ndani.

"Ni bwana mifugo, kutoka tarafani. Nimekuja kwa ajili ya ndama mwenye matezi."

"Karibu sana, mwanangu," mzee akasema akitoka na kiti. "Na wa nyumbani hawajambo? Watoto? Safari hii huyu mama amenikatalia kuwasalimu."